Spika za Nyuma ya Pazia

Wanangu mnaoshika bisibisi siku hizi, macho yangu yamestaafu kabla ya mikono. Kidoti cha lehemu siwezi kukiona tena mpaka nikiinamie nywele zianze kunuka moshi. Basi nimekaa nyumbani, Likoni, naandika. Shule yangu iliishia darasa la saba, kwa hiyo mkikuta sentensi imekaa upande, inyoosheni mwendelee.

La kwanza mlijue mapema: mtashukiwa. Mtu akileta chombo chake kibovu, kabla hajamaliza kukusalimu ameshakuweka moyoni mwake pamoja na wale wanaobadilisha vifaa. Yaani umfungulie redio yake, uchomoe kilicho kizima, umtilie kikuukuu, halafu umrudishie ikiimba siku tatu na kunyamaza ya nne. Wapo mafundi waliofanya hivyo, na kwa ajili yao sisi wengine tuliishi tukitazamwa mikono.

Miaka ya themanini, redio za kaseti zilipokuwa ndiyo fahari ya kila nyumba, akina mama wa Mtongwe walikuwa na dawa yao. Kabla redio haijaletwa kwa fundi, hufunguliwa kwa kisu cha jikoni na kila kifaa cha ndani kikatiwa tone la rangi ya kucha. Ukirudisha redio, inafunguliwa tena, matone yanakaguliwa. Niliwahi kuletewa moja imepakwa kila mahali hata nikadhani ina surua.

Wasiokuwa na rangi ya kucha walilinda. Mtu anakuja na kigoda chake, anakaa mbele ya meza yako tangu asubuhi, macho kwenye vidole vyako. Bwana mmoja muuza nazi alikuwa akilala usingizi hasa, anakoroma, lakini mkono uko juu ya redio. Fundi Kombo, mwenye karakana, alikuwa akimpepea kwa kipepeo cha ukili ili nzi wasimwamshe, kwa sababu akiwa macho alikuwa anauliza sana.

Na mimi niliingia kazi hii kwa mlango huohuo. Mama yangu alinituma nikalinde redio yake kwa Fundi Kombo. Nilikuwa msichana wa kucheka hovyo, kichwani nimejaa ndoto za kwenda mbali, na nimeagizwa nisibanduke. Nikakaa. Nikachoka kukaa kimya, nikaanza kuuliza hiki ni nini na kile ni cha nini. Mzee wa watu akanijibu mpaka akakauka koo, halafu akanipa chuma cha lehemu akaniambia nishike mwenyewe nione. Redio ya mama ilipona siku ileile. Mimi sikuondoka tena pale.

Watu walisema mengi kuhusu mwanamke kukaa karakanani. Lakini kumbukeni mji wetu ulivyo. Katika nyumba za watu wa kale, fundi mwanamume haingii ndani kama mwenye nyumba hayupo. Mimi Mishi nikipiga hodi, naambiwa nipite mpaka chumbani, natiliwa uji wa mtama, na naonyeshwa redio ilipoangukia. Fundi Kombo aligundua haraka kwamba nusu ya kazi ya Likoni iko upande ule ambao yeye hawezi kukanyaga.

Yeye alinifundisha kushuku, lakini kushuku kwa mpango. Chombo kikinyamaza, shuku tundu la ukutani kwanza. Kisha plagi, kisha waya mzima kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, kwa vidole, si kwa macho. Macho yanapenda kuamini. Ukimaliza waya, shuku swichi. Ukimaliza swichi, jishuku wewe, kwamba pengine umegusa kitu. Sasa ukiwa huna pengine pa kwenda, ndiyo fungua chombo. Tuliwahi kubeba televisheni ya mtu kutoka ufuo wa Shelly, tukaifungua, tukaitazama hadi tukachanganyikiwa, kumbe nyumbani kwake stima ilikuwa imekatwa. Yule bwana hakuona haya. Alituuliza kwa nini tulimfungulia televisheni nzima.

Haya. Mwishoni mwa miaka ya tisini zikaja kompyuta, na baada yake kompyuta zinazosoma diski za filamu. Siku hizi mnavuta sinema kutoka hewani na hamjui taabu tuliyoiona kupata sauti tu. Nitawaeleza, maana kazi iliyokaribia kutufungia karakana ilikuwa hiyo.

Mwenye kompyuta alikuwa Mzee Shee. Miaka yake yote alifanya kazi bandarini, ng'ambo ya maji kule Kipevu, na kazi yake ilikuwa kukagua lakiri za makontena, zile kufuli ndogo za bati, kuona kama zimeguswa. Mtu akitazama lakiri miaka yote hiyo, akistaafu hawezi kutazama hata mlango wa jiko bila kuukagua. Mwanawe Abdillahi ni baharia. Alikuja likizo na kompyuta, amplifaya, na spika sita, akaviacha kwenye maboksi kwa sababu meli ilimwita mapema. Aliacha na diski moja ya filamu, habari za meli katika dhoruba. Akamwambia babake: siku utakayoisikia hii sawasawa, mawimbi yatakuja mpaka nyuma ya mgongo wako, na hapo utajua mwanao analala mahali pa namna gani.

Mzee Shee akaunganisha mwenyewe, akapata sauti ya mbele tu, kama redio. Akatuletea kila kitu kwa mkokoteni. Alivyovishusha, nikaona vidoti vyekundu kwenye parafujo. Alikuwa ameazima rangi ya kucha ya bintiye, Rukia. Akaweka kigoda chake, akakaa.

Sikilizeni sasa ilivyo. Diski ile imebeba sauti sita zilizokunjwa pamoja kama kanga ndani ya sanduku. Mbili za mbele, kulia na kushoto. Moja ya katikati, ya maneno. Mbili za nyuma. Na moja ya ngurumo peke yake. Kompyuta ikizikunjua yenyewe, inakutolea mbili tu kwenye tundu la kawaida la kadi ya sauti. Ukizitaka zote, iambie kompyuta isizikunjue. Izipitishe zilivyo, kwenye tundu la pili la ileile kadi, ziende kwenye amplifaya inayojua kukunjua.

Mimi sikuyajua hayo. Niliona tundu la pili, nikafurahi, nikachukua waya, nikauchomeka kwenye amplifaya yetu ya kukodisha maharusini, ili nijaribu kabla sijagusa ile mpya ya watu. Sauti iliyotoka ilikuwa ya viazi vimemwagwa kwenye mafuta ya moto. Shhhh, bila kupumzika. Fundi Kombo aliruka akachomoa plagi ya ukutani. Mzee Shee akasimama, akainusa kompyuta yake huku na huku, akaniuliza nimeikaanga au vipi. Kumbe hakuna kilichoungua. Amplifaya ya harusi haijui kukunjua, inasoma mikunjo yenyewe kwa sauti. Mkisikia mkaango ule, msiogope. Maana yake sauti imefika kwa asiyeijua lugha yake.

Tukahamia amplifaya mpya. Hapo mkaango ukaisha lakini kukawa kimya. Nikafungua programu ya kuchezea filamu, nikatafuta ukurasa wa sauti, nikakuta imechaguliwa spika mbili. Nikabadilisha iwe kutoa nje bila kukunjua. Sauti ikaja, ya mbele tu. Nikashuku waya, mzima. Nikashuku swichi, sawa. Ikabidi nishuku diski. Kwenye diski zile, kabla filamu haijaanza, kuna mahali pa kuchagua sauti, na mara nyingi ziko mbili: moja ya watu wenye spika mbili, nyingine ya sita. Ilikuwa imekaa kwenye ile ya mbili. Nikaisogeza. Taa ndogo ya amplifaya ikawaka, na bahari ikaingia karakanani.

Fundi Kombo hakuiamini taa. Amplifaya nyingi zina kitufe cha ujanja, kinachochukua sauti ya mbele na kuirudia nyuma, ukadhani umezungukwa. Wauzaji walikuwa wakikibonyeza mteja akiingia dukani. Basi akachomoa spika za mbele zote, akaacha za nyuma peke yake. Kama ni ujanja, ungesikia maneno yaleyale. Tukasikia maji na upepo tu, na mara mojamoja baharia akipiga kelele kutoka mbali. Ndipo akatabasamu. Nanyi mjaribu hivyohivyo.

Mzee Shee hakuwako wakati huo. Alikuwa ametoka kwenda kuswali adhuhuri. Na hapo ndipo shetani alipopitia. Fundi Kombo alikuwa hawezi kuona kadi ikichomolewa bila kuisafisha meno yake kwa pamba na thina, ile dawa ya kulainishia rangi. Mimi nilikuwa nimeichomoa kadi ya sauti niikaze vizuri kabla ya safari, na nilipoiomba niirudishe ndani, aliipangusa kwanza. Pamba ikatoka na wekundu. Akaitazama akasema, vyombo vinavyopitia baharini hivi, vimeshaanza kutu. Akaitupa pamba. Mimi nimeinamia waya, nikaitikia tu.

Tukaenda kufunga nyumbani kwa Mzee Shee. Ukumbi wake ni mrefu, umekatwa kwa pazia la kijani. Mbele wanakaa wanaume na wageni. Nyuma ya pazia ni mahali pa wanawake, nao wanatazama kupitia uwazi uliowekwa kusudi. Spika za nyuma zinataka ukuta wa nyuma, na ukuta wa nyuma uko kwa wanawake. Fundi Kombo akanipa nyundo, nikapita nikazitundika mimi, na waya nikaulaza chini ya mkeka. Mamake Mzee Shee, Bi Siti, alikuwa ameketi hapo akishona kofia. Aliniuliza vile visanduku ni vya nini, nikamwambia ni vya sauti, Bibi. Akasema kheri. Sikumweleza zaidi, nilikuwa na haraka ya kusikia.

Tukajaribu. Mzee Shee alikaa kwenye kiti, dhoruba ikamjia kutoka nyuma, nikaona mabega yake yanapanda. Ilipokwisha aliuliza tu kama meli halisi nayo inalia hivyo, nikamwambia sijui. Akatushukuru, akasema jioni ile atawaalika wenzake.

Kesho yake asubuhi aliingia karakanani na wazee wawili wa mtaani. Tukamwamkia shikamoo, hakuitikia, na mtu wa kwetu asiyeitikia shikamoo amekuja na jambo. Jambo lenyewe: jana wageni wamekaa, spika za nyuma zimekuwa kimya kama kaburi. Alfajiri amefungua kompyuta.

"Kadi yangu iko wapi, Kombo?"

"Imo ndani ya kompyuta yako, mzee mwenzangu."

"Iliyomo haina alama. Yangu ina alama. Nimeitia mimi, kwa mkono wangu."

Hapo ndipo nikaikumbuka ile pamba. Nikaeleza, Fundi Kombo naye akaeleza, thina, wekundu, kutu. Hata masikioni mwangu maelezo yale yalisikika kama ya mwizi. Mzee Shee aliuliza tuliipangusa lini. Tukasema adhuhuri. Akawageukia wenzake akasema, mmesikia, nilipokuwa naswali.

Hakutaka polisi. Alitaka yamini. Ijumaa baada ya swala, pale ukumbini kwake, mbele ya Maalim wa madrasa, Kombo aweke mkono juu ya msahafu aseme kwamba hakubadilisha kitu.

Ninyi mnaweza kuona ni jambo rahisi: kama huna kosa, apa, wende zako. Kwetu si hivyo. Fundi Kombo alipita umri wake wote bila kuitwa kwenye yamini. Walipoondoka wale wazee, alianza kupanga bisibisi zake kwenye sanduku kwa ukubwa, kitu ambacho hakuwa akikifanya.

"Mishi," akaniambia, "mtu akila yamini, hata akiwa mkweli, watu hawakumbuki ukweli wake. Wanakumbuka kwamba aliapishwa. Nani ataniletea redio?"

Mimi nilikuwa nimeshaota karakana yetu ikiwa na chumba cha kompyuta, na kibao kipya, na feni. Nilimtazama akifunga sanduku lile nikajua hakuna kibao.

Alhamisi, Mzee Shee alipotoka kwenda sokoni, nilipiga hodi nyumbani kwake. Rukia akanifungulia, akasita. Nikamwambia sikuja kwa babake, nimekuja kwa waya. Nikapiga magoti nikaanza kama nilivyofundishwa, kwa vidole, kutoka amplifaya, chini ya mkeka, mpaka chini ya pazia, mpaka upande wa pili. Karibu na ukuta vidole vikagonga fundo.

Waya wote wa spika mbili ulikuwa umekatwa. Halafu, ili usionekane, ncha zilikuwa zimesogezwa zikatazamana, zikafungwa kwa uzi mweupe. Ulikuwa uzi mwembamba, mizunguko imelala sambamba, fundo limefichwa ndani. Shaba haikugusana hata chembe, lakini ukiutazama tu ungeapa waya ni mzima. Hakuna fundi anayefunga hivyo. Anafunga hivyo mtu aliyetoboa vitundu vya kofia tangu utotoni.

Niliinua macho. Bi Siti alikuwa ameacha kushona.

Akamtuma Rukia jikoni kutazama maziwa, halafu akaniita nisogee, "Ndoo hapa karibu." Akanieleza kwa sauti ndogo. Siku ile tuliyofunga, wanaume walipotoka, Rukia aliwawekea wanawake filamu. Yeye Bi Siti alikuwa amevua ushungi, nywele zinapakwa mafuta ya nazi. Mara mwanamume akasema kitu nyuma ya sikio lake, kwa lugha asiyoijua. Akageuka, ukuta. Akageuka mbele, picha inaendelea. Rukia alicheka akamwambia ni filamu, Bibi. Lakini haikumwingia.

"Picha iko mbele," akaniambia. "Mtu mume yuko nyuma yangu, nami kichwa wazi. Sasa huyo n'nani?"

Ndugu zangu, niliwahi kuwaeleza watu wengi kuhusu sauti zile sita, lakini hakuna aliyewahi kuniuliza swali zuri kama hilo. Siku ile, wanawake wenzake walipotoka wote, Bi Siti alichukua mkasi wake wa kofia akaukata waya.

Halafu akanishika mkono. Akaniomba nisimwambie Shee. Mwezi uliopita alisahau jiko limewaka, na tangu siku ile Shee amemlaza Rukia chumbani kwake, na amekuwa akimwuliza maswali ya kumpima, leo siku gani, mjukuu fulani mtoto wa nani. Akisikia kwamba mama amekata waya kwa sababu ya sauti, atasema basi, akili imekwenda. Mkasi atanyang'anywa, na kofia pamoja nao. Kuhusu yamini ya kesho hakuwa ameambiwa lolote. Katika nyumba ile mambo ya wanaume yalibaki mbele ya pazia. Nami sikumwambia. Nikamwahidi kunyamaza, nikifikiri nikitengeneza waya, shari yote itakwisha.

Nikaufungua ule uzi nikautia mfukoni, nikakata ncha, nikaunga waya kwa lehemu. Spika nikazipandisha juu karibu na dari, nikazielekeza kwa wanaume, zisimsemeshe mtu sikioni. Mzee Shee akarudi akanikuta. Kabla hajanifukuza nikawasha. Mawimbi yakampita juu ya kichwa, akasimama pale na kikapu chake cha ndizi, na kwa muda nikaona amesahau kunichukia. Halafu akakumbuka.

"Umeirudisha," akasema.

Nikamwambia sikurudisha kitu, Mzee, ni waya ulikuwa umekatika. Akataka kuuona. Akavaa kioo chake cha kukagulia lakiri, alichotoka nacho bandarini, akakitazama kipande nilichokitoa, ncha zake.

"Umekatwa. Nani kaukata?"

Nikainama kukusanya vyombo vyangu.

"Sema panya."

Nilitamani kusema panya.

"Panya wa nyumba hii hana mkasi, Mishi. Mlichukua kadi, mkakata waya mnifumbe macho, na mlipoitwa kwenye yamini mmekimbilia kurudisha. Kesho Kombo ataapa, na wewe utakaa pale umsikilize."

Nyuma ya pazia hapakusikika hata sindano.

Nilirudi karakanani nimebeba ukweli ambao si wangu. Fundi Kombo aliniuliza kama nimeona kasoro. Nikamwambia ni waya, umetengenezeka. Akaniuliza nani aliukata. Nikamwambia nimeahidi. Ningekuwa yeye ningenishuku, na pengine alinishuku, sijui mpaka leo. Akasema tu, "Basi ahadi ni ahadi," akaenda kupiga pasi kanzu yake.

Ijumaa wakatoka msikitini wakaja moja kwa moja. Maalim akakaa kwenye mkeka, msahafu juu ya marufaa. Wale wazee wawili, Mzee Shee, na majirani waliojileta wenyewe. Mimi nilikaa mlangoni. Fundi Kombo alikuwa ametia udhu, kanzu nyeupe, vidole bado vina weusi wa lehemu ambao hautoki kwa maji. Maalim akamwuliza kama anakuja kwa hiari yake. Akasema ndiyo. Maalim akamwuliza Mzee Shee kama hana njia nyingine ya kuridhika. Akasema hana. Fundi Kombo akanyoosha mkono.

"Shee."

Sauti ilitoka nyuma. Haikuwa kubwa. Wanaume wote waligeuka, na wallahi sijasahau mpaka leo, waligeukia juu, kwenye spika. Mzee mmoja aliinama kuangalia kama taa ya amplifaya inawaka. Haikuwa inawaka. Plagi ilikuwa chini, niliichomoa mimi mwenyewe.

"Mwambie fundi arudishe mkono wake. Waya n'likata mimi."

Mtu yeyote aliyekulia nyumba za namna ile anajua uzito wake. Bi Siti hakuwahi kupaza sauti mbele ya wageni wa kiume tangu alipoolewa. Akaendelea, polepole, bila kukatizwa na mtu. Akaeleza mafuta ya nazi, na mwanamume asiyeonekana, na mkasi, na uzi. Akasema Mishi alijua akamfichia, na kama kuna mtu wa kulaumiwa kwa kunyamaza, basi si yule binti. Halafu akasema, "Leo Ijumaa, Shee. Mjukuu wangu wa meli jina lake Abdillahi. Jiko limezimwa. Nina akili zangu. Nilitishika tu."

Maalim akafunga msahafu.

Fundi Kombo mkono wake ulikuwa bado hewani, hakujua auweke wapi. Mzee Shee akauchukua. Akaushika kwa mikono yake miwili mbele ya wale wote, na aliyoyasema hapo aliyasema kwa sauti ya chini, ni yao. Kisha akainua pazia akapita upande wa pili, akakaa huko muda. Alipotoka macho yalikuwa mekundu, na mkasi wa kofia hakuwa nao mkononi. Aliuacha ulipokuwa.

Wazee wale wawili walitawanya habari mtaani kwa kasi ileile waliyokuwa nayo walipokuja kutushtaki. Wiki iliyofuata karakana ilijaa redio. Nyingi zilikuwa zimetiwa rangi ya kucha, msidhani watu hubadilika. Na kwa sababu hiyo Fundi Kombo alibandika karatasi juu ya chupa ya thina: USIPANGUSE CHOCHOTE CHEKUNDU.

Mimi nikaongeza shuku moja kwenye orodha yangu, nanyi niwape. Kabla hamjatundika spika ya nyuma, ulizeni nani anakaa pale. Msiulize ukuta, ulizeni mtu. Mwelezeni mapema ni nini kitakachomfikia, kutoka wapi, na kwa sauti ya nani. Ningemweleza Bi Siti siku ile badala ya kukimbilia kusikia, waya ungebaki mzima.

Nilialikwa mara nyingi baadaye kutazama ile meli. Wanaume walikaa mbele, sisi nyuma. Kila mara, kabla hajabonyeza, Mzee Shee alikuja mpaka kwenye pazia, akasimama, akakohoa.

"Hodi," anasema.

Bi Siti alikuwa akiweka chini kofia yake, anajitanda ushungi wake vizuri, anatazama ukuta wa nyuma kana kwamba kuna mlango pale.

"Karibuni," anajibu.

Ndipo bahari ikaingia.